Hali tatu za maada kwa watoto wadogo: anza na hewa, barafu isubiri

Mwalimu mwenzangu, umeuliza ufanye majaribio gani ya yabisi, kimiminika na gesi kwa watoto wa miaka sita na saba, na kama barafu peke yake inatosha. Nimekaa na rika hilo miaka mingi. Barafu haitoshi, na mimi sianzi nayo. Maji na barafu mtoto huvishika na kuviona. Kinachompa taabu ni gesi, kwa sababu kwake chupa isiyo na maji haina kitu kabisa.

Chukua glasi ya plastiki angavu, kandamiza karatasi kavu chini kabisa kwa ndani isidondoke. Kabla hujafanya lolote, waulize: nikiifudikiza na kuizamisha wima kwenye beseni la maji, karatasi italowa? Kila mmoja aseme, na aseme kwa nini. Kisha zamisha. Karatasi ikitoka kavu watapiga kelele, waache. Zamisha tena, safari hii ukiinamisha glasi kidogo ili mapovu yatoke. Hapo watoto wenyewe huanza kusema kwamba mle ndani mlikuwa na kitu kilichoyazuia maji. Nakuomba sana, usiwatangulie kulisema hilo.

Fuatisha na bomba la sindano, jipya na lisilo na sindano. Vuta hewa, ziba tundu kwa kidole, sukuma: hewa inabanika, na ukiachia inarudi. Sasa vuta maji, toa hewa yote iliyobaki, ziba, sukuma. Maji yanagoma. Jaribio hili lazima kila mtoto alifanye kwa mkono wake, kwa sababu tofauti hii haionekani kwa macho kama inavyosikika kwenye kidole. Likikuchukua kipindi kizima, sawa tu.

Kwenye kupanga vitu makundi, usiwape jiwe na maji pekee. Hapo hakuna cha kufikiri. Wape mchanga, asali na sponji. Wengi watasema mchanga ni kimiminika kwa kuwa unamiminika. Usiwasahihishe, wape lenzi waitazame punje moja moja: kila punje ina umbo lake na hailiachi. Kisha wamimine mchanga kwenye sahani, na maji kwenye sahani nyingine. Mchanga unajirundika, maji yanatandaa. Asali nayo hujivuta, ila ukisubiri uso wake unakuwa sawasawa. Sponji waibonyeze ndani ya maji waone mapovu. Kumbe kilichokuwa kikibonyea ni matundu yenye hewa.

Barafu sasa. Weka vipande viwili vinavyolingana kwenye sahani, kimoja ukivike kitambaa kizito cha sufu. Karibu wote watasema kilichovikwa kitayeyuka kwanza, kwa sababu sweta hutia joto. Kinachelewa, maana kitambaa hupunguza kasi ya joto kuingia. Kama una mizani, pima pia barafu ndani ya mfuko uliofungwa vizuri, kabla na baada ya kuyeyuka. Uzito haubadiliki.

Siki na soda ya kuokea inayojaza puto wengi huipenda, lakini mimi siitumii kwenye mada hii mwanzoni. Pale gesi mpya, kaboni dayoksaidi, inatengenezwa. Si kitu kilekile kilichobadili hali, na mtoto mdogo huchanganya.

Mvuke ufundishe bila jiko. Tia maji na barafu kwenye glasi kavu, ongeza rangi nyekundu ya chakula, uache mezani. Matone yakitokea nje, watasema glasi inavuja. Wape karatasi nyeupe wafute: matone hayana rangi. Waulize yametoka wapi, na uwape muda. Wale waliokwisha kukutana na hewa ndani ya glasi ndio watakaoinyooshea kidole hewa ya chumba.