JVN Hair kwa nywele za asili

Dada, umeuliza kama mafuta ya JVN Hair uliyoyaona Kariakoo yanafaa kwa nywele za asili, au ni jina la televisheni tu. Jina unalilipia kweli, ila ndani kuna kitu. Jonathan Van Ness, ambaye herufi za jina lake ndizo JVN, alikuwa mtengeneza nywele saluni kabla ya kung'ara kwenye kipindi cha televisheni cha Queer Eye, na bidhaa zake za 2021 alizijenga juu ya hemiskwaleni, mafuta mepesi yanayotokana na miwa, badala ya silikoni. Kwa nywele laini ni mazuri sana. Kwa kipilipili peke yake hayatoshi, utapaka shea juu yake, na hiyo shea ndiyo itakayofanya kazi kubwa.

Wasiwasi wangu mimi ni chupa yenyewe. Kampuni iliyokuwa nyuma yake, Amyris ya California, iliomba ulinzi wa kufilisika Agosti 2023 na chapa ikauzwa, kwa hiyo mzigo wa zamani unaweza kuwa bado unazunguka mitaani. Igeuze. Tafuta namba ya toleo iliyogongwa chini, na kale kapicha ka kopo lililofunguliwa kenye 6M au 12M, yaani miezi ya kutumia tangu ufungue. Namba ikiwa imekwanguliwa, rudisha hapo hapo. Muulize muuzaji kama imesajiliwa TBS (Shirika la Viwango Tanzania) pia, maana vipodozi viko chini yao tangu 2019. Akianza kuzungusha maneno, usitoe hela.