Farasi hana dalili, mbona kipimo kinasema ameambukizwa?

Ndugu, umeuliza inakuwaje farasi asiye na homa wala kukonda akutwe na anemia ambukizi, ugonjwa wa virusi unaopunguza damu ya farasi. Virusi vyake ni jamaa wa VVU: vinajipachika kwenye jeni za seli nyeupe za damu na kubaki humo maisha yote. Homa huja na kuondoka kwa sababu kinga ikishazoea sura moja ya protini za nje za virusi, navyo huibuka na nyingine. Watafiti walilijua hilo kwa kulinganisha virusi vya kila kipindi cha homa katika farasi yuleyule. Kazi ya subira hiyo! Kipimo cha Coggins, cha 1970, hutafuta kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na virusi, ndiyo maana humnasa hata asiye na dalili. Mtenge mita 200 hivi na wenzake. Nzi wakubwa wanaouma hubeba damu yenye virusi kutoka farasi mmoja hadi mwingine. Sindano msichangie kabisa.