Mtungi wa gesi chini ya sinki la boti: dirisha halisaidii

SWALI: Fundi habari za kazi. Mi na kaka yangu tumenunua boti ndogo iliyotumika, futi 24, ina kabini na sehemu ya kupikia, tunaenda nayo bwawa la Mtera wikiendi. Nimeweka jiko la gesi la pleti mbili lile lile la nyumbani, mtungi wa kilo 6 uko chini ya sinki. Friji ndogo ya volti 12 ipo, na sasa mke wangu anataka maikrowevu na birika la umeme kwa inveta. Jamaa mmoja kaniambia nikifungua madirisha wakati wa kupika sina shida. Ni kweli? (Msomaji, Area D, Dodoma)

JIBU: Salama kaka. Sio kweli, na huo mtungi utoe hapo kabla hujafikiria hayo mengine.

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, propeni iliyomo kama mara moja na nusu, byuteni iliyomo karibu mara mbili. Nyumbani ikivuja inateremka sakafuni inapita chini ya mlango inaishia zake uani, ila boti haina mlango wa chini, boti ni beseni. Inapenya kwenye mbao za sakafu mpaka ngamani kule maji machafu yanapojikusanya, inatulia hapo, dirisha liko juu huko halina habari nayo, na pua yako nayo iko juu kwa hiyo harufu unaweza usiisikie. Ikifika kama asilimia 2 tu ya hewa ya pale inaweza kulipuka, na cheche hazitafutwi mbali, ile pampu ya kutoa maji ina swichi ya boya inayojiwasha yenyewe usiku mmelala, na asubuhi unapiga starta.

Mtungi unakaa nje, kwenye boksi lililozibwa kabisa upande wa kabini, umesimama wima na umefungwa mkanda usilale, manake ukilala gesi ya maji inaingia kwenye regyuleta. Chini kabisa ya boksi toboa tundu la bomba la inchi robo tatu litokee nje ya boti juu ya usawa wa maji, mbali na madirisha na injini. Mpira wa gesi nunua mpya, ule uliokauka na kuanza kupasuka kwenye klipu usiuhurumie, kisha paka povu la sabuni kila kiungo uangalie mapovu, usipime kwa kiberiti kama wanavyofanya mafundi fulani ninaowafahamu. Mkimaliza kupika funga kwenye mtungi kwanza, acha moto ufe wenyewe, ndo ufunge jiko.

Hilo jiko la nyumbani pia silitaki. Upepo ukizima moto gesi inaendelea kutoka tu, tafuta lenye kijiti kile pembeni ya bana, pale moto unapowakia, kinachokata gesi moto ukizimika, na liwe na vizuizi vya sufuria. Ukisikia harufu usiguse swichi yoyote hata ya kuzima taa, funga mtungi, toa watu kabini, fungua kila kitu, na ngamani tumia pampu ya mkono, sio ya umeme.

Halafu juni na julai usiku huku kwetu baridi unaijua, msije mkawasha jiko kujipasha joto mkalala. Na la mkaa ndani ya kabini ni hapana kabisa. Gesi ya sumu inayotoka kwenye moto huo, kaboni monoksaidi, haina harufu, inaanza na kichwa kuuma na kichefuchefu, mtu anasema ni mawimbi au bia za jana. Alamu yake weka usawa wa kichwa mnapolala, ile ya gesi weka karibu na sakafu.

Umeme sasa. Mwambie shemeji maikrowevu iliyoandikwa wati 700 ile ni nguvu inayofika kwenye chakula, yenyewe inavuta kama 1,200, gawa kwa volti 12 unapata ampea 100, na upotevu wa inveta unafika 110. Betri moja ya N100, yaani ya ampea-saa 100, itashuka volti papo hapo na inveta itaanza kulia piipii wali haujapata hata moto. Ukiwa na betri mbili nzuri, dakika tano tano inawezekana, kebo ya milimita za mraba 35 iwe fupi, na fyuzi ikae ndani ya shibiri moja toka kwenye betri. Birika la wati 2,000 sahau, chemsha chai kwa gesi.

Friji inakula ampea 4 au 5 ikinguruma, kama inanguruma nusu ya muda basi siku nzima ni kama nusu ya betri yako au zaidi, kwa hiyo isiguse betri ya kuwashia injini, mtakuja kuvutwa na wavuvi wa perege. Betri yake peke yake na paneli ya wati 150, jua la Dodoma hulipii.

Boksi likiwa tayari nitumie picha ya lile tundu kabla hujaingiza mtungi, wengi wanalitoboa ubavuni halafu gesi inabaki chini yake.