Maswali ya Wasomaji: Mchoraji Alikuwa na Kazi Gani Mlimani?

SWALI: Nimesoma kwamba wachoraji wa mandhari walifuatana na misafara ya kupanda milima ya Alaska mwanzoni mwa karne ya 20, ilhali kamera zilikuwapo tayari. Je, walikuwa na manufaa, au walikuwa mzigo kwa wenzao?

JIBU: Msafara unaojibu swali lako vizuri zaidi ni ule ambao mchoraji na mpandaji walikuwa mtu mmoja. Belmore Browne, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1880, aliuendea mara tatu Mlima Denali wa Alaska, mrefu kuliko yote Amerika ya Kaskazini. Safari ya kwanza, ya mwaka 1906, iliongozwa na daktari Frederick Cook, ambaye baada ya kuachana na wengi wa wenzake alitangaza kwamba amefika kileleni na msaidizi mmoja, na baadaye akachapisha picha ya kamera kuwa ushahidi. Browne hakuamini, kwa kuwa siku zile chache hazikutosha kwa safari kama hiyo. Mwaka 1910 alirudi na mpandaji mwenzake, Herschel Parker, wakaifuata njia ya Cook wakilinganisha kila ukingo wa mwamba na picha ile, hadi wakakipata kilima chenyewe: kipo kilomita 30 hivi kutoka kilele halisi, na kimo chake ni kama robo tu ya mita 6,190 za Denali. Kamera ilikuwa imetumika kudanganya, na jicho lililozoea kufuata maumbo ya milima likasaidia kuufichua uongo.

Pia kamera za wakati ule kwa kawaida hazikunasa rangi, na rangi ndiyo utajiri wa kaskazini. Theluji ya kule si nyeupe tu: kivulini huwa ya buluu, na jua linapokuwa chini, kama linavyokaa kwa saa nyingi jioni za kiangazi, hugeuka waridi. Kuichora papo hapo ni kazi ngumu, maana rangi ya maji huganda kabla ya kukauka na ile ya mafuta huwa nzito, ndiyo maana wachoraji wengi huchora vipande vidogo nje na kukamilisha picha kubwa ndani.

Mwaka 1912 Browne, Parker na Merl LaVoy walirudishwa na dhoruba wakiwa karibu kabisa na kilele. Siku chache baadaye, walipokuwa wameshashuka, tetemeko la ardhi liliuvunjavunja ukingo waliopitia. Kilele kilifikiwa mwaka 1913, na wa kwanza kukikanyaga alikuwa Walter Harper, mwenyeji wa Alaska. Hata hivyo Browne hakuupa mlima ule kisogo, bali alikuwa miongoni mwa waliopigania hifadhi ya taifa iliyoanzishwa hapo mwaka 1917. Ukifika kwenye Makumbusho ya Historia ya Asili ya Marekani, jijini New York, tazama milima iliyochorwa nyuma ya dubu wa Alaska; ni kazi ya mkono wake.