Kabla Hujafuta Kitu, Uliza Nafasi Iliyokosekana ni ya Wapi

Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, niliamua kuihamishia laptopu yangu kwenye Windows 11. Kabla ya hapo nilitaka bakapu kamili, mfumo mzima pamoja na mafaili yangu, ili mambo yakienda kombo niweze kurudi nilipokuwa. Nikachomeka diski ya nje ya TB 1, nikafungua ile programu ya zamani ya bakapu iliyomo ndani ya Windows, nikabonyeza ianze, nikaenda jikoni kupalia wali. Niliporudi nilikuta imeshasimama. Ujumbe ulisema hakuna nafasi ya kutosha kwenye diski, na pembeni yake namba: 0x80780119.

Diski ile ilikuwa na GB 310 tupu. Kila kilichokuwemo kwenye laptopu hakikufika GB 140. Hesabu ilikuwa wazi, lakini ujumbe wa kompyuta una namna yake ya kumtisha mtu, nami nikaanza kufuta. Filamu zikaenda, programu za kusakinisha zikaenda, kisha folda ya video za simu yangu ya zamani, kwa sababu nilikuwa na hakika nimeshaihamishia kwenye laptopu. Nikajaribu tena: ujumbe uleule, namba ileile. Nikaona nisiendelee kushindana nayo, nikanakili folda zangu kwa mkono, kama GB 60 hivi, juu ya nafasi ile niliyoitoa.

Usiku ndipo nilipogundua kwamba ile folda sikuwahi kuihamisha. Mlikuwa na video za marehemu mama akisuka ukili barazani kwetu Pangani.

Nilimpigia mdogo wangu, yeye ndiye fundi wa familia. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia kitu kimoja: "Dada, imekuambia nafasi hamna. Wewe uliuliza nafasi ya wapi?"

Swali hilo ndilo ninalotaka uondoke nalo leo. Tunasoma "hakuna nafasi" tukadhani inasemwa diski tuliyochomeka. Kumbe bakapu huhitaji nafasi sehemu kadhaa kwa wakati mmoja, na programu haikuambii ni ipi iliyoigomea.

Nianze na hiyo namba yangu, maana wengi huishia hapo. Fungua diski ya laptopu yako kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kisha andika diskmgmt.msc. Utaona kwamba diski moja imegawanywa patisheni kadhaa, nyingine hazina hata herufi na huzioni ukifungua kompyuta yako kila siku. Moja ni ya kuufufua mfumo ukigoma kuwaka. Windows inapopiga bakapu ya mfumo mzima huchukua na hizo ndogo pia, na kwa kila moja hutaka pabaki nafasi tupu ya kutengenezea nakala kivuli, yaani taswira ya mafaili yalivyo dakika ile hata kama unaendelea kuyatumia. Kanuni yake ni hii: patisheni iliyo chini ya MB 500 iwe na angalau MB 50 tupu, na iliyozidi MB 500 iwe na angalau MB 320.

Sasa tazama yangu. Patisheni ya kufufulia mfumo ilikuwa na MB 529, na ndani yake MB 110 tu ndizo zilizokuwa tupu. Kwa kuwa imezidi MB 500, ilidaiwa MB 320. Haikuwa nazo. Basi kazi yote ikakwama kwa kijichumba ambacho hata picha za harusi moja hakitoshi kubeba, huku mimi nikifuta vitu kwenye diski isiyohusika kabisa.

Dawa yake ilinishangaza: patisheni hiyo hupunguzwa. Mdogo wangu alinielekeza kufungua diskpart, programu ya Windows ya kugawa diski kwa kuandika amri, nikiwa na ruhusa za msimamizi, kuandika list volume, kuichagua ile ya MB 529 kwa select volume na namba yake, kisha shrink desired=40. Ikawa MB 489, ndani yake MB 70 tupu, na sasa ilidaiwa 50 tu. Bakapu ikapita mara ya kwanza. Lakini nakuomba uende taratibu hapo. Diskpart haikuulizi mara mbili kama una uhakika. Linganisha ukubwa, soma namba ya patisheni kwa sauti, na kama mkono unasita mwite mtu anayeijua kazi hiyo.

Kisa cha pili nimekiona kwa binamu yangu anayepiga video za harusi. Diski yake ilikuwa na zaidi ya nusu tupu, lakini kila akinakili video ya saa mbili inakataa. Picha zinapita, nyimbo zinapita, video hiyo haipiti. Ukiona diski inakubali vitu vidogo vingi na kukataa kimoja kikubwa, angalia fomati yake kwanza, yaani mpango inaoutumia kuhifadhi mafaili. Bofya kitufe cha kulia juu ya diski, angalia sifa zake. Ikiwa imeandikwa FAT32, umempata mchawi: fomati hiyo haipokei faili moja linalofika GB 4, hata diski iwe tupu kabisa. Kamera nyingi zinazotumia kadi za fomati hiyo hukata video ndefu vipande vipande kwa sababu hiyohiyo. Watu humwambia mtu afomati upya, na kufomati kunafuta kila kitu. Kwenye Windows unaweza kuibadilisha iwe fomati ya NTFS bila kufuta, kwa kuandika kwenye dirisha la amri (Command Prompt) convert E: /fs:ntfs, ukiweka herufi ya diski yako badala ya E. Hata hivyo vile vya thamani vitolee nakala kwanza, umeme ukikatika katikati usije ukalia. Na kama diski hiyo hutumika pia kwenye Mac, NTFS itakusumbua, kwa sababu Mac huisoma tu bila kuiandikia. Hapo fomati ya exFAT ndiyo inayofaa, nayo hutaka kufomati.

Jambo linaloniuma zaidi ni flashi na diski bandia. Zinauzwa kwa bei ya kutupa, juu zimeandikwa TB 2, ndani zina GB 32 au pungufu. Kidude kinachoiendesha kimepangwa kuiambia kompyuta uongo kuhusu ukubwa wake. Mara nyingi hutaona ujumbe wowote: bakapu inamalizika vizuri, majina ya mafaili yote yapo, ukiyafungua hayana kitu. Diski mpya usiiamini kabla ya kuipima. Kwenye Windows kuna programu ya H2testw, kwenye Linux na Mac kuna F3, zote za bure. Huijaza diski yote kisha husoma upya kilichoandikwa. Huchukua saa nyingi, iache usiku kucha. (Ukikuta diski ya TB 1 inaonyesha GB 931, hujaibiwa. Mtengenezaji anahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024.)

Wanaotumia Linux waangalie kitu kimoja zaidi. Ukiandika df -h ukaona nafasi tele na bado mashine inadai imejaa, andika df -i. Yawezekana kilichokwisha ni idadi ya mafaili ambayo mfumo unaweza kuyaorodhesha, hasa mahali palipolundikana vijifaili vidogo vya muda. Na kwa yeyote: zipo programu zinazobana bakapu kwanza kwenye folda ya muda ya diski C ndipo ziipeleke nje, kwa hiyo C ikijaa, diski ya nje haina msaada.

Video za mama nilizitafuta kwa PhotoRec, programu ya kurudisha mafaili yaliyofutwa, siku tatu. Zilirudi 9 kati ya thelathini na kitu, bila majina yake, namba tupu. Nyingine zilikuwa zimefunikwa na zile GB 60. Siku hizi kila nikimaliza bakapu ninachomeka diski kwenye kompyuta ya mtu mwingine na kufungua faili moja kutoka humo nione kama linacheza. Hufungua ileile kila mara: mama ameshika ukili, hatazami kamera, anauliza nani ameacha mlango wa uani wazi.