Chanjo feki na kadi za mitaani: maswali yenu

Naendesha lori kwenda Lubumbashi. Mpakani kuna kishoka anauza kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, yenye mhuri kabisa, sindano huchomwi. Wenzangu wamenunua na wanapita. Ubaya uko wapi?

Ubaya ni kwamba mbu haulizi kadi. Homa ya manjano ipo Kongo, na haina dawa ya kuiponya; hospitali inausaidia tu mwili upambane. Wanaofikia hatua kali, macho yakawa ya manjano na damu ikaanza kutoka, karibu nusu yao hufa ndani ya siku 7 hadi 10. Tena ukiugua, daktari akaiona kadi yako, ataamini umechanjwa na kuhangaika na malaria au taifodi huku siku zinakwenda. Hilo ndilo linaloniuma zaidi kwenye biashara hii.

Kadi halali ina jina lako, tarehe, sahihi ya mhudumu, mtengenezaji na namba ya toleo la chanjo, pamoja na mhuri wa kituo kilichoidhinishwa. Pakifutwafutwa au pakiachwa wazi, inaweza kukataliwa. Huanza kutumika siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo anayekuuzia leo uvuke leo hawezi kuwa mkweli bila kurudisha tarehe nyuma. Na tangu Julai 2016 kadi hii ni ya maisha. Anayekwambia miaka 10 imepita uilipie upya, anakuibia.

Shikamoo dada. Nimepata meseji: nitume 15,000 binti yangu wa darasa la nne aandikishwe chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi. Nitume?

Marahaba. Usitume hata shilingi. Chanjo hiyo kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14 hapa Tanzania ni bure, shuleni na kwenye vituo vya afya. Muulize mwalimu mkuu au nenda zahanati. Meseji usiifute, ripoti namba hiyo kwa 15040, kule kule tunakoripoti wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii".

Kuna mtu anapita mtaani na kiboksi cha baridi, anachoma chanjo ya homa ya ini kwa 20,000. Amevaa koti jeupe. Nitajuaje kama ni wa kweli?

Koti jeupe linauzwa dukani, lisikutishe. Ni kweli wahudumu huwa wanapita nyumba kwa nyumba, kwa mfano kampeni za polio, lakini yale ni matone ya mdomoni, hayalipiwi, na mwenyekiti wa mtaa anakuwa na taarifa. Sindano ya kulipia mlangoni ikatae.

Homa ya ini B kwa mtu mzima kwa kawaida unapimwa kwanza, halafu unachomwa dozi 3: ya pili baada ya mwezi, ya tatu mwezi wa sita. Huyo wa mtaani utampata wapi mwezi wa sita?

Hata kituoni una haki ya kuomba kuona kichupa. Soma jina na tarehe ya kuisha. Vichupa vingi vya serikali vina alama ndogo ya duara lenye mraba ndani. Mraba ukiwa na rangi hafifu kuliko duara, joto halijaiharibu chanjo. Rangi zikilingana, au mraba ukikolea zaidi, isitumike. Ila tapeli anaweza kujaza maji kwenye kichupa halisi, kwa hiyo mahali unapochanjwa ndipo pa kuangalia kwanza.

Mimi nimeshachomwa na kulipa. Naona aibu kusema.

Pole sana, na aibu si yako. Uganda mwaka 2021 watu wasiopungua 800 walichomwa chanjo feki za korona. Baadhi ya vichupa vilipopimwa vilikutwa na maji.

Anza na afya yako. Nenda hospitali leo, useme ulichomwa lini na kwamba hujui sindano ilikuwa safi. Dawa ya kukinga VVU inafaa ikianza ndani ya saa 72. Kisha nenda polisi upewe RB, na utoe taarifa ofisi ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Beba meseji ya muamala, namba ya simu, kadi, na kichupa kama kilibaki. Kifunge kwenye mfuko, usikioshe. Na kama aliyekutoza ni mhudumu wa serikali kwa chanjo ambayo ni bure, hiyo ni rushwa: piga 113, TAKUKURU, hulipii simu.