Echeveria yangu imerefuka shingo

SWALI: Shangazi, echeveria yangu, ule mmea wa majani manene yaliyojipanga kama waridi, inakaa juu ya kabati sebuleni. Imerefuka shingo na majani ya chini yamelainika kama mboga iliyochemshwa. Naimwagilia kikombe kila asubuhi. Nifanyeje? – Msomaji, Kondele, Kisumu

JIBU: Mwanangu, kikombe cha kila asubuhi ni cha chai! Mmea huu kwao ni miambani Meksiko; maji huyaweka majanini. Shingo inatafuta mwanga, na mizizi bila shaka inaoza. Kata kichwa kwa kisu safi, ubakize kishina cha sentimita 3, ukianike kivulini siku kadhaa hadi kidonda kikauke. Kisha ukipande kwenye kopo lenye matundu, udongo nusu, changarawe nusu. Udongo mweusi wa nyanda za Kano, hapo karibu na Kisumu, hushika maji; waachie wakulima wa mpunga. Kikishatoa mizizi, kizoeshe jua la asubuhi polepole, na umwagilie udongo ukikauka kabisa.